Jinsi ya kufundisha wanafunzi wa udaktari, unesi, famasi na maabara kufanya kazi kama timu moja na kuboresha huduma wodini

Kila wanafunzi wapya wakiingia wodini napata maswali yale yale kutoka kwa wakufunzi wenzangu. Nianzie wapi? Wanafunzi wanatoka vyuo viwili tofauti na ratiba zao hazikutani, nifanyeje? Sina bajeti. Wa digrii hawataki kukaa na wa diploma. Kibali cha maadili ni lazima? Nimeshajibu kwa simu, kwenye magrupu, kwenye korido, sasa nimeona bora niandike yote sehemu moja ili ukikwama urudi usome.

Naandika kwa ajili yako unayesimamia wanafunzi wodini, uwe mkufunzi wa chuo, daktari, nesi inchaji, mfamasia au mteknolojia wa maabara, huhitaji kuwa umesomea mambo ya ubora, unahitaji tu kuijua wodi yako na kuwa na mwenzako mmoja wa fani nyingine anayekubali kukaa na wewe.

Nikuambie mapema ninachokiamini baada ya kufanya hii kazi kwa muda. Wanafunzi hawawi timu kwa kuhubiriwa umoja. Wanakuwa timu wakipewa tatizo moja la kweli ambalo hakuna fani inayoweza kulimaliza peke yake, alafu wakalihesabu wenyewe kwa mikono yao. Niliwahi kuanza na semina ya siku nzima, slaidi nyingi, chai na vitafunwa, watu wakapiga makofi, na saa saba mchana kantini madaktari wanafunzi walikuwa meza ya huku, manesi meza ya kule, kama vile hatukuongea kitu. Kuanzia siku ile semina nikaacha.

Nadharia kidogo tu alafu twende kazini. WHO, yani Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010 walitoa mwongozo wao kuhusu elimu ya pamoja kwa fani za afya, na maana waliyoitoa ina vipande vitatu: wanafunzi wa fani mbili au zaidi wanajifunza kuhusu wenzao, kutoka kwa wenzao, na pamoja na wenzao. Ukiwaweka madaktari na manesi darasa moja la biokemia mwaka wa kwanza, hapo hujafanya bado, wamekaa pamoja tu. Na upande wa kuboresha huduma, Tanzania hatuanzi sifuri. 5S, yani utaratibu wa hatua tano za kupanga na kusafisha sehemu ya kazi, ilianza hospitali ya rufaa Mbeya mwaka 2007 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na ikasambaa nchi nzima, ndio maana ukiingia hospitali nyingi unakuta ukutani Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Wafanyakazi wengi wa wodini hii lugha wanaijua tayari, wewe itumie, usije na maneno mapya kabisa.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

- Wiki 6, kila wiki kikao kimoja cha saa 2, na muda mwingine mfupi mfupi wodini. Chini ya wiki 4 utafundisha maneno tu.
- Wodi moja. Nimesema moja.
- Wanafunzi 6 hadi 8 wa fani zisizopungua tatu, wanaoingia wodini tayari. Matabibu, fiziotherapia, lishe, radiolojia wote wanafaa, usijifunge kwenye daktari na nesi.
- Wasimamizi wawili wa fani tofauti.
- Sista inchaji amekubali, na amekubali kwa moyo, sio kwa sababu barua imetoka juu.
- Kaunta buku moja, karatasi za grafu, kalamu za rangi, saa ya mkononi. Kompyuta ikiwepo sawa, isipokuwepo hamna shida.
- Ruhusa ya hospitali kwa maandishi. Kuhusu maadili, peleka maelezo ya mradi wako kwa kamati ya maadili ya hospitali au chuo uwaulize, na kama una nia ya kuja kuchapisha matokeo siku moja uliza KABLA, sio baada ya kumaliza kukusanya.

Alafu sheria moja isiyo na mjadala: majina ya wagonjwa hayaandikwi kwenye kaunta buku, na hakuna kupiga picha ya faili na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Mwanafunzi akifanya hivyo simamisha kazi yote siku hiyo mkae mliongelee, manake ile tabia akienda nayo kazini itaumiza watu.

HATUA KWA HATUA

1. Tafuta mwenzako wa fani nyingine kwanza, kabla ya mwanafunzi hata mmoja.

Wanafunzi watafuata wanachokiona kwenu, hawatafuata mnachokisema. Kama wewe ni daktari na mwenzako ni nesi, alafu kikao kizima unaongea wewe na yeye anagawa karatasi, umeshawafundisha kitu, na ni kibaya. Gawaneni: wiki hii anaendesha yeye wewe unaandika ubaoni, wiki ijayo mnabadilishana. Na mkitofautiana mbele yao msifiche, tofautianeni kwa adabu waone inavyofanyika.

2. Patanisha ratiba, hapa ndipo wengi wanapofia.

Usisubiri vyuo vikutane vibadilishe mitaala, utastaafu. Chukua rota za fani zote uzilaze mezani, tafuta saa 2 tu kwa wiki ambazo wote wako eneo la hospitali. Kwangu mara nyingi imeangukia saa nane mchana katikati ya wiki, raundi imeisha, dawa za saa sita zimeshatolewa, maabara foleni ya asubuhi imepungua. Kosa la kawaida ni kuweka kikao mara tu baada ya meja raundi (ile raundi kubwa ya daktari bingwa), wa udaktari watachelewa nusu saa kila wiki, wa unesi watakaa wanawasubiri, na utakuwa umejenga kinyongo kabla hamjaanza.

3. Kikao cha kwanza: majina, kazi, na yale watu wanayodhani.

Kila mtu ajitambulishe kwa jina lake na anachofanya wodini. Inaonekana kitu kidogo lakini angalia wodini kwetu, mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu wagonjwa wanamwita "dokta" tayari, wa unesi anaitwa "we nesi mwanafunzi", wa maabara hana jina kabisa anaitwa "maabara". Ile cheklisti ya usalama ya upasuaji ya WHO ya mwaka 2008, yenye vipengele 19, ina sehemu ambapo timu nzima inajitambulisha kwa jina na kazi kabla ya kupasua. Ilijaribiwa hospitali nane duniani na mojawapo ilikuwa Ifakara hapa hapa Tanzania, na kwa zile hospitali nane kwa pamoja vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Waambie wanafunzi hilo, kwamba Ifakara ilikuwepo, utaona wanavyokaa sawa kwenye viti.

Baada ya majina wape kila mmoja karatasi ajaze sentensi mbili: "Watu wanadhani kazi yangu ni..." na "Kitu ambacho fani nyingine hawajui kuhusu kazi yangu ni..." Wasome kwa sauti. Mwanafunzi wa maabara atasema sampuli ikija haina saa ya kutolewa analazimika kuikataa na anatukanwa kwenye simu. Wa famasi atasema anaonekana muuza duka. Usiharakishe hapa, wape nusu saa nzima.

Angalizo la kupanga kikundi: usiweke wa udaktari watano na nesi mmoja. Yule mmoja atanyamaza. Bora kikundi kiwe kidogo lakini kila fani iwe na watu wawili wa kushikana mkono.

4. Ingieni wodini mfuate kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Hii ndio hatua ninayoipenda kuliko zote na ndio inayobadilisha watu. Kabla ya kuingia, shikamoo kwa sista inchaji, mwambie mnakuja kuangalia mtiririko wa kazi sio kumkagua mtu, muulize yeye kinachomkera zaidi ni nini. Alafu chagueni kitu, inaweza kuwa sampuli ya damu, dawa, mgonjwa anayeruhusiwa, mkifuate kwa miguu na saa mkononi.

Nikuonyeshe. Kikundi kimoja kilitaka kuangalia dozi ya kwanza ya antibayotiki ya sindano. Mwanafunzi wa udaktari alikuja na jibu mfukoni, manesi wanachelewesha. Sikumbishia, nikawaambia shikeni faili moja mlifuate. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo, nimonia. Saa 3:10 asubuhi daktari ameandika seftriaksoni. Faili likarudishwa kwenye toroli ya raundi, raundi ina vitanda vingi bado, kwahiyo faili likawa linazunguka na toroli. Saa 5:25 raundi imeisha, mafaili yote yakawekwa rundo mezani kwa nesi mmoja. Saa 5:50 analifikia lile faili, anaangalia kabati la wodi dawa haipo, anaandika ndugu akachukue. Ndugu yuko getini sababu muda wa kuona wagonjwa bado. Saa 6:40 ndugu kaingia, kaenda dirisha la malipo, foleni, kaenda famasi, foleni, saa 7:30 karudi na dawa lakini maji ya kuchanganyia hakuna aliyeyaandika. Sindano imeingia saa 8:05 mchana. Masaa matano kasoro dakika tano, na muda wote huo hamna mtu hata mmoja aliyekuwa amekaa tu.

Yule mwanafunzi alikaa kimya muda mrefu. Wa unesi ndiye aliyesema, taratibu tu, kwamba faili likiwa kwenye toroli yeye hana namna ya kujua kuna dawa mpya. Wa famasi akauliza kwanini wodi haina dozi chache za kwanza kabatini. Mimi sikusema kitu na wewe ukifika hapo usiseme kitu, waache.

Kosa hapa: kuchora mtiririko wa kazi mkiwa darasani kwa kukumbuka. Mtachora inavyotakiwa kuwa, sio ilivyo. Lingine ni kuwasahau wahudumu wa wodi na ndugu wa wagonjwa. Mhudumu anayebeba sampuli kwenda maabara anajua mambo ambayo bingwa hajui, mkaribisheni kwenye kikao, mpeni kiti.

5. Chagueni tatizo dogo na mliandike kwa sentensi moja.

Sentensi iwe na nini, kwa nani, wapi, kiasi gani, mpaka lini. "Kuboresha utoaji wa dawa wodini" hiyo ni hotuba. Hii ndio sentensi: "Ndani ya wiki 6, wagonjwa 8 kati ya kila 10 wanaolazwa wodi ya wanawake na kuandikiwa antibayotiki ya sindano wapate dozi ya kwanza ndani ya saa 1 tangu ilipoandikwa."

Kama mmekosa wazo, haya yanafaa kwa kuanzia: sampuli zinazokataliwa maabara kwa sababu ya lebo, kuandika kasi ya upumuaji kwa kila mgonjwa (presha inaandikwa, upumuaji unaandikwa 20 kwa kila mtu), uzito wa mtoto kuandikwa kwenye faili kabla ya dawa, kukabidhiana wagonjwa zamu ikibadilika, na kunawa mikono. Hilo la mikono linanoga kama mna wanafunzi wa famasi kwasababu WHO wana fomula ya kutengeneza kitakasa mikono hapo hapo hospitali: kwa lita 10 ni ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, unajazia na maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyokenekwa hadi ifike lita 10. Watengeneze chini ya mfamasia mwenyewe, mbali na moto, na chupa zikae masaa 72 kabla ya kutumika. Ghafla mtu wa famasi ana kitu mkononi ambacho wodi nzima inakihitaji.

Epukeni tatizo ambalo dawa yake ni pesa au jengo. Mkichagua "wodi haina vitanda vya kutosha" mtamaliza wiki 6 mkilalamika.

6. Pimeni kabla hamjagusa chochote.

Kwanza kubalianeni maana. Dozi "imechelewa" manake nini? Saa inaanza kuhesabiwa ilipoandikwa au mgonjwa alipofika? Iandikeni. Bila hivyo wa udaktari atahesabu hivi na wa unesi atahesabu vile na mtagombana kwa namba mbili ambazo zote ni sahihi. Mkifungua mafaili mtakuta mengi yana tarehe tu hayana saa. Msikate tamaa, hilo nalo ni jambo mmeligundua, andikeni, na kwa wiki hii kaeni wodini kwa zamu mshike saa wenyewe.

Pimeni vitu vitatu, visizidi. Kile mnachotaka kifike (dakika mpaka dozi ya kwanza), kile mnachofanya ili kifike (je ile njia mpya imetumika), na kimoja cha kuangalia kama hamharibu sehemu nyingine, mfano dawa za dharura kabatini zinaisha bila kurudishwa.

Mchoro: karatasi ya grafu, chini weka wagonjwa kwa mpangilio walivyokuja au siku, pembeni weka dakika, kila mgonjwa nukta. Panga namba zote za kabla kuanzia ndogo hadi kubwa, ile ya katikati kabisa chora mstari wake. Baadaye mkiona nukta 6 mfululizo zote upande mmoja wa ule mstari, kuna kitu kimebadilika kweli. Nukta mbili tatu kushuka sio ushindi, waambie mapema kwasababu watataka kushangilia. Grafu ibandikwe wodini sehemu wafanyakazi wanaiona, isifungiwe kwenye laptop ya mtu.

7. Tafuteni sababu, na zisiishie kwa mtu.

Ulizeni "kwanini" mara tano, au mchore mfupa wa samaki, kichwa ni tatizo na miiba ni watu, vifaa, mazingira, utaratibu. Nina kanuni moja tu hapa: jibu la mwisho likiwa jina la mtu au "uzembe", bado hamjafika, ulizeni tena. "Nesi hakutoa dawa." Kwanini? "Hakujua." Kwanini? "Faili lilikuwa kwenye toroli." Kwanini linabaki kwenye toroli? Hapo sasa.

8. Jaribuni kitu kimoja, kidogo sana, kesho.

Panga, Fanya, Chunguza, Amua. Mzunguko huu asili yake ni kazi za Shewhart na Deming, wataalamu wa ubora wa Marekani, kwenye viwanda na umekaa hospitalini miaka mingi, historia yake wataisoma wenyewe. Cha muhimu ni udogo. Kile kikundi changu walitaka kuandika mwongozo mpya wa hospitali nzima. Nikawaambia hapana, kesho asubuhi, daktari mmoja, nesi mmoja, mgonjwa mmoja. Wakakata vipande vya karatasi nyekundu, daktari akiandika dawa ya haraka anamkabidhi nesi kile kipande palepale kitandani, hangoji toroli. Mgonjwa wa kwanza tu wakagundua kwamba karatasi haina namba ya kitanda. Wakaongeza. Siku ya pili wagonjwa watatu. Alafu famasi wakakubali kuweka dozi chache za kwanza kabatini na maji yake, na mwanafunzi wa famasi akawa anapita kila asubuhi kuzihesabu.

Kabla ya kila jaribio kila mtu aandike anachotabiri kitatokea. Usiruke hii. Utabiri ukikosewa ndipo watu wanajifunza, bila utabiri kila matokeo yataonekana "ndio tulivyotegemea".

Muda ulishuka siku za kazi, wikiendi ukarudi palepale, sababu hamna wa kurudishia dawa kabatini Jumamosi. Sasa usiifute hiyo wikiendi kwenye grafu ili ipendeze. Iache, na mzunguko unaofuata uwe wa wikiendi.

9. Mazoezi ya kuongea, dakika 20 kila kikao.

Huku kazi inaendelea, fundisha lugha ya timu. Mimi natumia mambo matatu tu.

La kwanza ni kutoa taarifa kwa mpangilio: Hali, Historia, Tathmini, Ombi. Wengine mnaijua kama SBAR, ilitoka kwa wanamaji wa Marekani kwenye nyambizi, Kaiser Permanente, shirika la huduma za afya la huko huko, wakaileta hospitalini. Wafanye kwa sauti, mmoja ageuke mgongo ajifanye yuko kwenye simu:

"Dokta, mimi ni mwanafunzi wa unesi wodi ya wanawake, niko na sista wa zamu. Mgonjwa kitanda namba 7 anapumua mara 32 kwa dakika, oksijeni imeshuka 88. Alilazwa jana na nimonia, sindano ameanza leo. Naona anazidiwa, tumemuinua na tumemuwekea oksijeni. Naomba uje umuone ndani ya dakika 10, na uniambie nikuandalie nini."

Wanafunzi wetu wengi wanasahau ile ya mwisho, Ombi. Wanaeleza vizuri alafu wananyamaza, wanangoja mkubwa aamue. Wafundishe kuomba.

La pili, kurudia ulichoambiwa. "Kitanda 7, upumuaji 32, oksijeni 88, nakuja sasa hivi, andaa kanula." Aliyeanza anajibu "ndio".

La tatu na gumu zaidi kwetu ni kumzuia mkubwa. Tumelelewa kutomkatisha mtu mzima maneno na hilo ni jema, lakini mtoto wa kilo 9 hawezi kupewa dozi ya mtu mzima kwa sababu ya adabu. Kwahiyo wape maneno yaliyo tayari mdomoni, yenye heshima na yasiyopinda. Mara ya kwanza: "Samahani dokta, nina wasiwasi na hii dozi." Asiposikilizwa, mara ya pili: "Naomba tusimame kwanza, mtoto ana kilo 9, hii naona ni ya mtu mzima." Bado? Anamuita msimamizi. Na wewe mwalimu fanya zoezi la kuwa yule mkubwa anayezuiwa, na ukizuiwa sema "asante". Nimeona mwanafunzi wa maabara akitetemeka sauti mara ya kwanza, wiki ya nne anaongea kama mtu mzima.

10. Kila wiki mmalize kwa dakika 15 za kujiangalia.

Maswali matatu: kipi kilienda vizuri kati yetu, nani hakusikilizwa, wiki ijayo nani anafanya nini. Lile la pili likipata jibu la "wote tulisikilizwa" wiki tatu mfululizo, kaa na wale wanyamavu pembeni uwaulize.

11. Kabidhini kwa wenye wodi.

Wanafunzi wataondoka, wodi itabaki. Wasilisho la kwanza liwe kwa wafanyakazi wa wodi, asubuhi wakati wa ripoti, dakika 10, grafu mkononi, chuo mtawasilisha baadaye. Acheni ukurasa mmoja: tulikuta nini, tulijaribu nini, kipi kilikataa, nani wa wodi anakiendeleza. Huyo wa mwisho awe mtu mwenye jina na awe amekubali. Na muwashukuru waliowapokea, hadharani.

12. Alama.

Usitoe alama kwa sababu namba ilipanda. Kikundi ambacho jaribio lilishindwa na wakaeleza kwanini wamejifunza sana. Mimi naangalia kaunta buku lao, naangalia utabiri na walivyoubadilisha, na kila mwanafunzi anapata maoni kutoka kwa mtu wa fani nyingine. Uzito wa alama uwe sawa kwa fani zote, kama kwa unesi ni lazima na kwa udaktari ni hiari, wa udaktari hawatakuja wiki ya tatu.

IKIKWAMA

Wa udaktari wametawala kikao. Badilisha mwenyekiti kila wiki na anza kuuliza upande wa pili, yani unesi, maabara, famasi, alafu udaktari mwisho. Wiki mbili tu hali inabadilika.

Wafanyakazi wa wodi wanaona mnawapeleleza. Hapo mmekosea kuingia. Rudini kwa sista inchaji, mwonyesheni kaunta buku lote, mwambieni achague yeye tatizo la kuanzia. Msionyeshe namba kwa uongozi kabla wodi hawajaziona.

Namba haisogei. Angalieni kwanza kama ile njia mpya inatumika kweli, mara nyingi haitumiki. Kama inatumika na haisogei, basi sababu mliyoishika siyo, rudini hatua ya 7.

Rota imebadilika katikati, nusu ya kikundi wamehamia wodi nyingine. Inatokea karibu kila mara. Kaunta buku liandikwe vizuri kiasi kwamba mgeni akilisoma dakika 10 anaendelea, na anayeondoka amkabidhi anayekuja kwa ule mpangilio wa Hali, Historia, Tathmini, Ombi.

Una wanafunzi wa fani moja tu. Anza hivyo hivyo, ila fani nyingine itoke kwa wafanyakazi: mteknolojia aje nusu saa, mfamasia aje nusu saa, wanafunzi waende kukaa dirishani kwao asubuhi moja.

Mmegundua kosa lililomdhuru mgonjwa. Acheni mradi kwa muda. Msimamizi apeleke taarifa kwa inchaji na kwa utaratibu wa hospitali siku hiyo hiyo, mgonjwa ahudumiwe kwanza. Alafu kaa na wale wanafunzi, hasa yule aliyeliona, umuulize usiku alilala vipi.